Masika ya Uhakiki

Jumatatu, 16 Februari 1998

Daftari hili nimepewa stoo kwa ajili ya kumbukumbu za kazi. Nimelileta nyumbani Pasiansi kwa sababu naona kuna mambo ya kazi hii ambayo hayataingia kwenye fomu.

Leo tumeanza uhakiki. Kila mtumishi wa halmashauri, kuanzia bwana mifugo hadi mfagiaji, lazima afike mwenyewe mbele ya meza yangu, akiwa na barua ya ajira, cheti cha kuzaliwa au kadi ya ubatizo, na picha mbili. Nafungua jalada lake, natazama picha ya zamani, namtazama yeye. Anatia dole gumba kwenye wino. Chini kabisa ya fomu kuna maneno mawili, NDIYE na SIYE. Nakata lisilo kweli, naweka saini yangu. Kisha Obedi, kijana aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, anaingiza yote kwenye kompyuta.

Bwana Chenge, mkuu wetu wa utumishi, alitukusanya asubuhi. "Watumishi hewa basi," alisema. "Wako waliokufa zamani, na wako ambao hata kuzaliwa hawakuzaliwa. Kokulinda, una miaka kumi na moja masijala. Nyuso zote unazijua. Ndiyo maana nimekuweka wewe."

Nikaitikia, "Sawa, mzee." Sikumwambia kwamba kazi ya kumtazama mtu na kusema ndiye au siye nimeifanya mara moja maishani, na sikuifanya vizuri.

Jumanne, 17 Februari

Mvua tangu alfajiri. Watu sitini na wawili. Vidole vyangu vyote vyeusi kwa wino.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua. Umeme ulikatika saa nne, Obedi akakaa akiitazama kompyuta yake kama mtu aliyefiwa. Mpiga picha wa Mabatini amepandisha bei kwa sababu yetu.

Jumatano, 25 Februari

Leo tumecheka kidogo. Mlinzi mmoja, mzee Ngosha, jalada lake linasema amezaliwa mwaka 1961. Mvi kichwa kizima, meno matatu. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Hapa panasema tunalingana umri."

"Marahaba, mwanangu. Karani aliyeniandika aliuliza nimezaliwa lini, nikamwambia mwaka wa njaa. Akaniuliza njaa ipi. Nikamwambia mimi nilikuwa nanyonya, ningeijuaje?"

Foleni nzima ilicheka. Nikakata SIYE, maana mtu mwenyewe ni yeye, mwaka ndio uongo. Obedi hakucheka. Aliuliza, "Sasa kwenye mashine niweke mwaka gani?" Huyu kijana ana moyo wa bati.

Jumanne, 3 Machi

Sijui niandikeje hili.

Saa tano mvua ilikuwa kubwa, foleni imejibana barazani. Niliinua macho niite anayefuata, na mtu wa nne kwenye foleni alikuwa Jovinary. Koti lake la kahawia, bega moja limeshuka kama anavyosimama siku zote. Viatu vinachuruzika maji. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anasoma tangazo ukutani, mdomo ukicheza, kama alivyokuwa akisoma tangu darasa la pili.

Niliinamia jalada. Nilipoinua tena, mtu wa nne alikuwa mama mmoja wa idara ya afya.

Jovinary ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Mei mwaka juzi alipanda meli Bukoba kuja kunitembelea. Jirani alimwona akipanda na mkungu wa ndizi begani. Wote tunajua meli ile ilizama wapi, karibu kabisa na kufika. Jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote niliyowahi kuiona. Mama, Ma Eugenia, alikuja Mwanza wiki ile ile kumtafuta na hajarudi kwao hadi leo. Anaishi nami. Hatujakaa matanga. Mama anasema huwezi kumkalia matanga mtu ambaye hujaambiwa amekufa.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Ziwa limeleta magugumaji hadi ufukweni, yanaoza. Harufu inaingia mpaka ndani ya nguo.

Jumatatu, 9 Machi

Niliita, "Kashindye Shimba, mfagiaji, barabara za sokoni." Akasimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kanga kichwani. Kabla hajafika mezani sauti ikasema kutoka nyuma, "Kashindye yupi? Kashindye tulimzika ng'ambo, mwaka tisini na moja."

Foleni yote ikageuka. Yule mwanamke hakugeuka. Aliweka karatasi zake mezani, akazipanga vizuri. Picha ya jalada ilikuwa ya mtu mnene zaidi, mwenye mwanya. Huyu hana mwanya.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Karatasi yako moja imepungua. Njoo kesho saa moja, kabla ya watu."

Uongo. Karatasi zote zilikuwepo.

Jumanne, 10 Machi

Alikuwa amefika kabla yangu. Ameketi kibarazani, ufagio mapajani. Nilimkaribisha ndani, nikafunga mlango.

"Dada, sitaki kukuchosha," alisema. "Mimi ni Mhoja. Kashindye ni dada yangu, tumbo moja. Yeye ndiye aliyeajiriwa, mwaka themanini na tisa. Akaugua kifua, tukamrudisha nyumbani, upande wa Kamanga. Akanituma nije nimshikie kazi mpaka apone. Hakupona."

"Na ofisini ulimwambia nani?"

"Msimamizi wetu wa wakati ule. Marehemu naye sasa. Nilikuja kumwambia dada amefariki, nimebeba ufagio wake niurudishe. Akaniambia, 'Wewe shika ufagio, karatasi usizichokoze.' Nikashika. Miaka saba, dada. Saa kumi na moja alfajiri niko sokoni, mvua, jua. Sijakosa hata siku nilipojifungua, nilijifungua Jumapili."

Nilitaka kucheka, sikuweza.

"Huogopi?" nilimuuliza.

Aliuzungusha ufagio mkononi. "Polisi siogopi. Namwogopa yeye. Kazini wananiita Kashindye, sokoni Kashindye, hata wanangu shuleni wameandikwa watoto wa Kashindye. Mama akiniita Mhoja naangalia nani anaitwa. Halafu yeye anakuja ndotoni. Hasemi mengi. Anakaa pale mlangoni, anauliza, 'Mhoja, hutaki nipumzike?' Utampumzisha vipi mtu ambaye kila mwezi anatia saini?"

Nilimwambia aende akafagie. Fomu yake nimeiweka chini ya nyingine zote, sikukata neno lolote.

Jumatano, 11 Machi

Mvua.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Mama ameuliza kama nimeona mtu leo. Kila siku ananiuliza hivyo, "Umeona mtu?" Nilikuwa namjibu, "Nimeona watu themanini, Ma." Leo nimeinuka nikaenda kufunga dirisha.

Jumanne, 17 Machi

Jovinary tena. Safari hii nje ya dirisha, mvuani, amenipa mgongo. Nilisimama nikafungua dirisha. Maji yakaingia juu ya fomu, wino ukachuruzika, Bwana Chenge akapiga kelele. Nje palikuwa na mti na baiskeli ya mtu.

Obedi alinisaidia kuanika fomu kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Baadaye alisema tu, "Dada Koku, kula kitu."

Jumatatu, 23 Machi

Bwana Chenge ameikuta fomu ya Kashindye. Watu wamemfikishia maneno.

"Hii inangoja nini?"

"Mtu huyu amefanya kazi kweli, mzee. Nimewauliza wenzake kumi na wawili. Wauza nyanya wa sokoni wanamjua. Si hewa."

"Kashindye Shimba yuko hai?"

"Hapana."

"Basi ni hewa."

"Barabara imefagiliwa na nani miaka saba?"

Alivua miwani. Nilidhani atanifokea. Alisema polepole, kama anamfundisha mtoto, "Kokulinda, mimi sikuulizwa barabara imefagiliwa na nani. Nimeulizwa jina hili ni la mtu aliye hai au aliyekufa. Uko tayari kuweka saini yako kwamba marehemu yu hai? Una hadi tarehe nane Aprili."

Nilitoka nikijisemea kwamba mtu huyu hana roho. Njiani nikakumbuka kwamba alichoniuliza ni swali la haki, na nikakumbuka kwa nini linaniuma.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeomba ruhusa nusu siku, nimekaa kwenye mawe ya ufukweni na daftari hili. Mvua imepumzika. Jambo hili naliandika mara moja, nisilisome tena.

Mei mwaka juzi, siku ya tatu, tulikwenda uwanjani walikolazwa maiti waliotolewa majini. Nilimwambia mama abaki nje chini ya mwavuli, mimi ndiye nitakayeingia. Nilitembea katikati ya safu, leso mdomoni. Kuna aliyekuwa na koti la kahawia. Uso haukuwa uso tena, maji yalikuwa yameuchukua. Askari wa kike aliyekuwa na daftari aliniuliza, "Dada, ndiye?"

Nilitazama miguu. Kidole cha pili cha mguu wa kushoto kilikuwa kimelalia dole gumba. Jovinary alizaliwa hivyo. Mama alikuwa akikifunga kitambaa kila jioni akidhani kitanyooka.

Nikasema, "Siye."

Sijui kwa nini. Au najua. Nilimwaza mama nje chini ya mwavuli. Nilifikiri nikisema siye, basi bado yuko mahali fulani, amechelewa tu. Askari akaandika namba kwenye kipande cha boksi, wakamfunika. Alizikwa Igoma pamoja na wengine ambao hawakupata mtu wa kuwatambua. Nilitoka nikamwambia mama, "Hayumo."

Nimekata jina la ndugu yangu kwa mdomo wangu, na hapo hapakuwa na fomu wala Bwana Chenge.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimevuka Kamanga. Tangu mwaka juzi sijakanyaga chombo chochote cha majini.

Mhoja alinisindikiza. Feri ilisimama katikati kwa sababu ya magugumaji, injini ikikohoa, wafanyakazi wakiyasukuma kwa miti mirefu. Nilishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amesimama mbele, koti la kahawia, bega limeshuka. Safari hii alinigeukia. Uso wake ulikuwa mzima. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni.

Nikasema kwa sauti, "Nisamehe." Mhoja alisogea akanishika kiuno. "Mimi pia nikivuka hapa nasema na marehemu," alisema.

Kijijini mama yao alitupokea vizuri, akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la Kashindye. Mawe meupe, muhogo umeota pembeni. Mwenyekiti wa kijiji aliandika barua kwamba Kashindye alifariki Juni 1991 na kwamba aliyesimama mbele yake ni mdogo wake, Mhoja. Padri akatoa kadi ya ubatizo ya Mhoja. Mhoja alisimama kaburini muda mrefu. Nilimsikia akisema, "Nimekuja na mtu wa ofisi."

Jumatano, 8 Aprili

Nimekata NDIYE. Kashindye Shimba amekufa, na nimetia saini kwamba amekufa.

Nilifunga nyuma ya fomu barua ya mwenyekiti, kadi ya ubatizo na maelezo yangu kurasa mbili. Bwana Chenge alisoma yote akiwa amesimama, kisha akasema, "Kompyuta haina nafasi ya hadithi, Kokulinda."

Obedi, ambaye hakuwahi kuingilia mazungumzo ya wakubwa, akageuka kitini. "Ipo, mzee. Kuna mstari wa maelezo. Hatujawahi kuutumia. Herufi sitini."

Bwana Chenge akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Sitini," alisema. "Isizidi."

Nilikaa na penseli nikihesabu. Obedi alichapa nikiona kwa macho yangu: KAZI NI YA MHOJA TANGU 1991. KASHINDYE NI DADA MAREHEMU. Zilibaki herufi nne. Aliuliza kama nataka kuongeza neno. Sikuona neno la herufi nne linalotosha.

Nilimfuata Mhoja sokoni nikamwambia mwenyewe, nisimwache alione tangazo ukutani. Aliegemeza ufagio kwenye meza ya nyanya. Alilia bila sauti, machozi tu. Akauliza, "Kwa hiyo kesho nisije?"

"Kesho usije."

"Na huu ufagio?"

Nikamwambia ni wake.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili

Mvua ya siku nzima. Nimefunga. Barabara ya sokoni ina maganda na matope.

Jumatatu ya Pasaka, 13 Aprili

Nimemwambia mama.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo mlangoni, penye mwanga. Nilikaa chini karibu na miguu yake. Nilianza na koti. Nikaendelea na kidole. Nikamwambia askari aliniuliza nini na mimi nilijibu nini.

Mikono yake iliendelea kuchambua. Maharage mabaya huku, mazuri huku. Nilingoja anipige au apige yowe majirani waje.

"Kidole cha mguu upi?" aliuliza.

"Wa kushoto, Ma."

"Kimelalia?"

"Kimelalia."

Akaweka ungo chini.

"Siku ile ulipotoka," alisema, "ulinishika mkono, mkono wako ukawa baridi kama wa mtu aliyegusa samaki. Nikajua umemwona. Nikasema nisikuulize. Mtoto wangu mmoja amekufa, nikimuuliza huyu naye ataanguka hapa hapa. Nikasema nitangoja aseme mwenyewe."

"Umengoja karibu miaka miwili, Ma."

"Ulitaka niende wapi?"

Kumbe alikuwa anaketi hapa Pasiansi akinitazama mimi. Nilidhani anamngoja Jovinary.

Nililia mpaka shingo ikauma. Yeye alianza kulia jioni, taratibu, kwa Kihaya, akimwita kwa majina yake yote, hata la utotoni ambalo nilikuwa nimelisahau.

Jumamosi, 18 Aprili

Igoma. Hatukujua ni kaburi lipi, na mimi ile namba ya kipande cha boksi sikuishika. Mama hakuchagua. Alitembea safu kwa safu, polepole na fimbo yake, na kwa kila mmoja alisema, "Pole, mwanangu." Aliwamaliza wote. Ilichukua zaidi ya saa mbili, na manyunyu yalitukuta humo. Nilimfuata na mwavuli.

Alhamisi, 23 Aprili

Bwana Chenge aliniita. Alinipa barua isiyofungwa, akasema, "Soma kabla sijabadili mawazo." Mhoja Shimba anaajiriwa kama kibarua wa usafi kuanzia tarehe nne Mei. Mtu mpya. Miaka saba imepotea, hakuna anayemdai wala anayemtambua kwa miaka hiyo isipokuwa mstari mmoja ndani ya kompyuta.

"Hiki ndicho nilichoweza," alisema. "Nimeandika barua tatu. Hii ndiyo imerudi na saini." Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Chini ya macho amevimba. Naye amekuwa akisoma majina ya wafu tangu Februari.

Nilimpelekea Mhoja barua. Hakurukaruka. Alilisoma jina kwa kidole, herufi moja moja, kama anayesoma la mtu mgeni. "Watachelewa kuzoea," alisema. "Mimi mwenyewe nitachelewa." Nikamuuliza kuhusu ndoto. Akasema dada yake alikuja Jumapili, lakini alipita tu nje, hakuketi mlangoni.

Jumamosi, 25 Aprili

Mama ameondoka kwa basi la Bukoba, njia ya Biharamulo. Kituoni alinipa maagizo kupitia dirishani, gari likiwa limeshaanza kuunguruma: nije na sukari, nije na shuka jeupe, niwaandikie baba wadogo wote. Matanga yatakuwa wiki ya kwanza ya Mei, mwili haupo, tutazika koti lake la shule. Kisha akasema, "Na ukiwa njiani usijifanye hodari. Lia kwenye basi. Ukifika kuna wageni wa kuhudumia."

Jovinary sijamwona tangu feri. Sisemi kwamba amekwenda. Nikiita majina bado namtafuta kwa jicho mtu wa nne.

Jumatano, 29 Aprili

Jua kutwa nzima, la kwanza kwa wiki nyingi.

Nimejaza fomu ya likizo. Sababu: msiba wa ndugu wa tumbo moja. Nikaipeleka kwa Bwana Chenge. Aliisoma, akachukua kalamu.

"Pole sana, Kokulinda. Sikusikia. Amefariki lini?"

Kuna nafasi ya tarehe kwenye fomu ile, nilikuwa nimeiacha wazi.

"Tarehe ishirini na moja Mei," nilisema, "mwaka juzi."

Kalamu ilisimama. Nje watu waliobaki walikuwa wanazungumza kwenye foleni. Nilijua anachoweza kusema: kwamba msiba una siku zake, kwamba muda umepita, kwamba kanuni haziruhusu. Nilikuwa na majibu ya yote.

Aliandika ile tarehe mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, siku, mwezi, mwaka. Akaniuliza jina kamili la marehemu. Nikamtajia, Jovinary, na jina la baba, na la babu. Aliniomba nimtajie herufi kwa herufi asije akakosea.

Kwenye idadi ya siku nilikuwa nimeomba saba. Akaifuta, akaandika kumi na nne.